Miaka 4 tunampima mke wangu, kumbe tatizo liko kichwani kwangu (uzi wa pituitari na homoni za uzazi)

Baba_Mtarajiwa (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha sana kwa aibu, ila juzi nimesoma jamaa anashauriwa "huyo mwanamke mgumba achana nae" wakati yeye mwenyewe hajapima hata damu, nikasema ngoja niandike. Ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Mimi na mke wangu tumetafuta mtoto miaka minne. Kapimwa mirija mara mbili, ile ya kusukumiwa dawa ndani huku wanampiga picha, maumivu yake anayajua yeye. Kapimwa ovari, kapimwa homoni zake zote, kameza vidonge vya kupevusha mayai miezi sita. Mimi? Mimi kazi yangu ilikuwa kumpeleka na kumsubiri kwenye benchi. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja na mimi sikujipeleka, nijipeleke kwa lipi mwanaume mzima sauti nzito kifua hiki hapa.

Dalili nilikuwa nazo, sema kila moja niliitafutia sababu yake. Hamu ya tendo iliisha kitambo nikasema uchovu wa kazi. Kichwa kinauma karibu kila siku, nikasema kompyuta. Nikaanza kugonga mabega kwenye mafremu ya milango, gari nimelikwangua ubavu mara tatu, kulia na kushoto, nikasema ni haraka zangu. Ndevu ndo kabisa sikuziwaza hadi siku nilipoulizwa.

Kilichonikamatisha ni macho. Nilienda kutafuta miwani, mpimaji akaniambia kusoma unasoma vizuri, ila pembeni huoni, pande zote mbili, unaona katikati tu. Akaandika nikapigwe MRI ya kichwa. Majibu: uvimbe wa milimita 34 kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Hilo jina sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe.

Nikaenda kwa daktari wa upasuaji. Akapima prolaktini, ile homoni ya maziwa, ikaja 140 (mwanaume kawaida ni chini ya 20 hivi), akasema hiyo imepanda tu kwa sababu uvimbe unabana njia, tunautoa kwa kupitia puani, tarehe nikapewa kabisa. Ila kabla ya hapo akaniandikia nikamwone bingwa wa homoni aniweke sawa. Nilikwenda kama mtu anayeenda kugonga muhuri.

Wakuu, yule mama alikaa na mimi karibu saa nzima. Swali la kwanza kabla hata hajafungua faili: "Unanyoa ndevu mara ngapi kwa wiki?" Nikacheka, nikataka kumjibu, nikakwama. Nilikuwa nanyoa mara moja kwa wiki tatu. Zamani ilikuwa kila baada ya siku mbili. Akauliza pete ya ndoa inabana? Namba ya kiatu imebadilika? Unaamka usiku kunywa maji? Maziwa yametoka kifuani? (ndio, kwa mwanaume, na mimi nilidhani ananitania). Akanikalia mbele, akanyoosha vidole vyake pembeni ya masikio yangu, akasema sema ukiviona. Sikuviona mpaka vimefika karibu na pua.

Halafu akashika ile karatasi ya 140 akaitazama muda mrefu. Akasema, uvimbe mkubwa hivi na namba ndogo hivi, hapana, hii namba inatudanganya. Akapiga simu maabara mbele yangu, akawaambia ile damu waizimue mara mia moja halafu wapime upya. Kesho yake: 11,400. Elfu kumi na moja na mia nne wakuu.

Oparesheni ikafutwa. Nikaandikiwa vidonge vya kabegolini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki. Mara mbili kwa WIKI. Nilidhani mwandishi kakosea.

---

Sikubaliani

Hapo kwenye kuzimua damu nimeachwa. Ukizimua kitu si kinapungua? Juisi ukiongeza maji inakuwa nyepesi, yako ndo imekolea?

---

Dakta_Njegere

Nipo masomoni kwenye fani hii hii ya homoni kwa hiyo mleta mada amenigusa, na jina langu la humu linatokana na hiyo tezi maana ukubwa wake ni kama punje ya njegere, uzito nusu gramu.

@Sikubaliani swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kipimo kinafanya kazi kwa vishikizo viwili, kimoja kinaikamata prolaktini upande huu kingine upande ule, na mashine inahesabu zile tu zilizoshikwa na vyote viwili kwa pamoja. Sasa prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, kila kishikizo kinapata ya kwake, hakuna inayoshikwa pande mbili, mashine inahesabu chache. Ukizimua, zinabaki za kutosha vishikizo, hesabu inakaa sawa, halafu unazidisha mara mia. Kuna mashine za kisasa zinazokwepa huu mtego lakini si zote, na ndo maana ukiona uvimbe mkubwa na prolaktini ya kawaida kawaida lazima ushtuke.

Na si suala la namba tu. Uvimbe unaotengeneza prolaktini wenyewe unatibiwa kwanza kwa dawa, vingi vinasinyaa bila kisu. Uvimbe usiotengeneza homoni ukibana macho ndo unaenda kwenye oparesheni. Kwa hiyo ule mzimuo ndo uliomtoa mezani.

Kwa nini alikuwa haoni pembeni: mishipa ya macho inakatizana juu tu ya hiyo tezi, na nyuzi zinazokatizana pale katikati ndo zinabeba picha za pembeni. Uvimbe ukipanda juu unazikandamiza hizo kwanza. Mtu hajui kama haoni, anajua tu milango imekuwa myembamba.

---

Mke_wa_Mleta_Mada

Jina limejieleza. Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi.

Kaandika vizuri ila karuka sehemu. Mimi nilimwambia mwaka wa pili, mume wangu na wewe kapime, akanijibu "ukoo wetu hauna hilo tatizo." Nikanyamaza nikaenda kupimwa mirija mara ya pili. Hayo basi yaandikwe nayo.

---

Baba_Mtarajiwa (mleta mada)

Ni kweli. Nilisema hivyo.

---

Chuma_Kizito

😂😂 Shemeji kaingia na kitabu cha kumbukumbu. Pole sana shemeji.

Daktari mimi niulize, mi nipo vizuri tu, nina misuli, testosteroni najichoma mwenyewe mwaka wa pili sasa kwa ajili ya mazoezi, hamu ipo juu, nguvu zipo. Mke hashiki mimba miezi kumi na nne. Hili la pituitari halinihusu sindio? Maana mi homoni ninazo nyingi sio kidogo.

---

Dakta_Njegere

Ndugu yangu linakuhusu kuliko wote humu. Ngoja nieleze mtiririko wote, wengine mtanisamehe.

Juu kabisa kuna haipothalamasi, sehemu ya ubongo. Inatoa homoni ndogo inaitwa GnRH kwa mapigo, kama kila saa moja hadi mbili, inashuka kwenye pituitari. Pituitari ikigongwa hivyo inatoa LH na FSH. LH inaziambia korodani tengenezeni testosteroni, FSH inasimamia utengenezaji wa mbegu. Kwa mwanamke hizo hizo mbili zinakuza yai na kulipevusha. Testosteroni ikitosha inarudisha taarifa juu, "huku tumeshiba," na juu kunapunguza. (Roger Guillemin na Andrew Schally walipata Nobel 1977 kwa kazi ya hizi homoni za ubongo, walisaga haipothalamasi za kondoo na nguruwe kwa maelfu na maelfu wapate chembe tu, na aliyegawana nao tuzo ni Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni kwenye damu. Bila huyo mama hii 11,400 ya mleta mada isingejulikana.)

Kwa mleta mada, prolaktini nyingi ilizima yale mapigo ya juu. Kwako wewe ubongo unaona testosteroni ya sindano imejaa, unasema huku tumeshiba, LH na FSH zinashuka karibu na sifuri. Korodani hazipati agizo. Testosteroni unayohitaji kutengeneza mbegu ni ile inayozalishwa mle mle ndani ya korodani, na inatakiwa iwe nyingi mara nyingi kuliko ya kwenye damu. Sindano ya kwenye paja haifikishi hiyo. Nguvu unazo, mbegu huenda huna kabisa. Kapime shahawa wiki hii.

---

Chuma_Kizito

Unanitisha mkuu. Si ningeambiwa na aliyenipa?

---

Kidawa_xx

Naomba msaada jamani. Prolaktini yangu ni 41 wamesema nina uvimbe kwenye ubongo nimelia usiku mzima. Siku zangu zinapishana, mara miezi miwili sijaona. Nina miaka 27, sijazaa. Natumia dawa za hospitali ya akili tangu mwaka jana, risperidoni.

---

Dakta_Njegere

Dada Kidawa futa machozi kwanza. 41 peke yake haimaanishi uvimbe. Dopamini ya ubongo ndiyo breki ya prolaktini, na risperidoni inaziba dopamini, kwa hiyo breki ikilegea prolaktini inapanda, na mara nyingi inapanda zaidi ya hapo. Kuna dawa za kichefuchefu pia zinafanya hivyo, metoklopramidi na domperidoni. Thairoidi iliyolala nayo inaipandisha. Figo zikichoka nazo. Ujauzito ndo wa kwanza kuutoa kwenye hesabu. Hata hofu ya sindano yenyewe inaweza kuipandisha kidogo, ndo maana tunarudia kupima mtu akiwa ametulia. Na kuna prolaktini fulani kubwa kubwa zilizoshikana na kinga za mwili, hizo kipimo kinaziona ila hazifanyi madhara, maabara wanaweza kuzitenganisha.

Ila nakuomba kitu kimoja: USIACHE hiyo dawa mwenyewe. Mwambie daktari wako wa akili, yeye na wa homoni wazungumze, kuna za kubadilisha ambazo hazipandishi sana.

---

Kidawa_xx

Asante sana. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani.

---

Sikubaliani

Mnaona sasa, kila kitu homoni, kesho mtasema hata ulevi ni homoni. Babu zetu walizaa kumi na mbili bila MRI. Huyo mleta mada angekunywa mizizi ya kusafisha damu angepona na hizo hela angejengea.

---

Baba_Mtarajiwa (mleta mada)

Mkuu mizizi nilikunywa miezi mitano, ya nguvu za kiume. Uvimbe ulikuwa unakua nikiwa nakunywa. Na hao babu waliozaa kumi na mbili unawajua kwa sababu walizaa, wale wasiozaa nani anawahesabu?

Niendelee na kisa maana wengi wanauliza PM. Kabegolini wiki ya kwanza ilinitapisha, nikainuka kitandani naona nyota. Daktari akanielekeza nimeze usiku baada ya kula nikiwa naenda kulala, ikatulia. Macho yalianza kurudi mapema kuliko vyote, kama wiki ya tatu hivi niliona mtu amesimama pembeni yangu nikaruka, nilishazoea watu wanatokea ghafla tu kutoka hewani.

Alinipa maonyo matatu. Ukiona maji yasiyo na rangi yanatiririka puani kama bomba hasa ukiinama, njoo hapohapo, maana uvimbe mkubwa ukisinyaa haraka unaweza kuacha tundu. La pili, tutapiga picha ya moyo mara moja moja kama dozi itapanda, kwa ajili ya valvu. La tatu nililiona la ajabu, alimwambia mke wangu sio mimi: akianza kucheza kamari, kununua vitu ovyo, au kupagawa na mapenzi kupita kiasi, nipigie. Nikacheka tena. Mwezi wa nne nikawa nimebeti siku tisa mfululizo, mimi ambaye hata karata sizijui. Mke akapiga simu. Dozi ikapunguzwa, hamu ya kubeti ikaisha kama ilivyokuja.

Prolaktini: miezi mitatu 620, miezi tisa 41, sasa hivi mwezi wa kumi na nne 17. Uvimbe kutoka 34 umefika 15.

Testosteroni alikataa kunipa, nilimwomba sana. Akasema ukitaka mtoto hiyo ndo dawa ya kukukosesha. Sikumwelewa ila leo nimesoma alichoandika Dakta kwa Chuma nikaelewa.

---

Mama_wa_Wawili

Nimesoma nyuzi zote, nimepata ujasiri. Mimi nina miaka 34. Mtoto wa pili nilimzaa miaka mitatu iliyopita, nilitoka damu nyingi sana baada ya kujifungua, nikaongezewa chupa nne, nikapoteza fahamu. Maziwa hayakutoka hata tone, wakasema ni mshtuko, nikampa mtoto ya kopo. Hedhi haijarudi mpaka leo. Nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea, nachoka hata kutandika kitanda, presha iko chini, nywele za kwapani zimeisha zenyewe. Wote wanasema ni mawazo. Wiki iliyopita wamepima thairoidi, TSH ni ya kawaida ila ile nyingine T4 iko chini, wamenipa vidonge vya thairoidi nianze jumatatu. Je hii ni ya huku kwenu au niko nje ya mada?

---

Dakta_Njegere

Dada yangu, uko ndani ya mada kabisa, na naomba usimeze hiyo dawa jumatatu kabla hujasoma hapa.

Mjamzito pituitari yake inanenepa, inahitaji damu nyingi. Mama akitoka damu sana wakati wa kujifungua tezi inakosa damu na sehemu yake inakufa. Harold Sheehan aliielezea 1937 na ina jina lake mpaka leo. Maziwa kutotoka ndo dalili ya kwanza, maana anayeyaita maziwa ni prolaktini kutoka hapo hapo. Hedhi kutorudi ni LH na FSH. Baridi na uchovu ni thairoidi, na hiyo TSH ni agizo linalotolewa na pituitari yenyewe kwenda kwenye thairoidi, kwa hiyo pituitari ikiwa mgonjwa TSH "ya kawaida" haina maana yoyote, T4, homoni ya thairoidi yenyewe, ndo inasema ukweli. Wengi wanakosea hapo.

Sasa sababu ya kukuzuia: kama pituitari haitoi ACTH, yaani agizo la kutengeneza kotisoli, kotisoli yako itakuwa chini. Kotisoli ndo inakushikilia wakati wa ugonjwa na mshtuko. Thairoidi ikianzishwa kabla ya kotisoli, mwili unachoma haraka ile kidogo uliyonayo na unaweza kuanguka vibaya, hata kufa. Kesho asubuhi mapema nenda na hii historia yako ya kutoka damu, waambie wapime kotisoli ya asubuhi KWANZA. Ukitapika, ukiishiwa nguvu ghafla au presha ikishuka usisubiri asubuhi, nenda dharura.

---

Mke_wa_Mleta_Mada

Dada @Mama_wa_Wawili tafadhali uende kweli. Utuandikie.

---

Pua_Haisikii

Nina swali la kijinga. Nina miaka 22, sauti haijakaza, ndevu hakuna, sijawahi kabisa kusikia harufu ya kitu chochote tangu utoto. Vinahusiana au ni bahati mbaya mara mbili?

---

Dakta_Njegere

Vinahusiana na si swali la kijinga. Mtoto akiwa tumboni, zile seli zitakazotoa GnRH zinazaliwa eneo la pua na kusafiri kwenda kwenye ubongo zikifuata njia ya mishipa ya harufu. Safari ikikwama, unakosa harufu na unakosa kubalehe kwa pamoja. Kallmann aliiandika 1944. Habari njema ni kwamba korodani zako zinaweza kuwa hazina shida, zinasubiri agizo tu. Testosteroni inaleta balehe, na ukitaka watoto baadae unabadilishiwa sindano za homoni zinazofanya kazi ya LH na FSH, wengi wanapata mbegu. Mtafute bingwa wa homoni, usisubiri ufike 30, mifupa nayo inaumia ukichelewa.

---

Pua_Haisikii

Miaka yote nimeambiwa "utakua tu."

---

Chuma_Kizito

Nimepima. Sifuri. Wameandika hakuna mbegu iliyoonekana. LH chini ya 0.1.

Sina utani leo.

---

Dakta_Njegere

Pole sana kaka. Sikiliza, hii ni tofauti na mtu ambaye korodani zimekufa. LH yako iko chini kwa sababu imezimwa, na iliyozimwa huwa inawaka, kwa wengi, ila kwa miezi na si wiki. Mbegu moja kutengenezwa mpaka kukomaa inachukua kama siku 74, na kabla ya hapo ubongo wenyewe lazima uamke, wengine miezi sita, wengine mwaka na zaidi. Usiache peke yako ukae nyumbani, utapata kipindi cha unyonge na huzuni ukarudi kwenye sindano. Bingwa anaweza kukupa hCG inayoigiza LH wakati unasubiri. Na mke wako mwambie leo asianze kupimwa mirija.

---

Chuma_Kizito

Kashapimwa mwezi uliopita.

---

Mke_wa_Mleta_Mada

Basi kamuombe msamaha. Kupimwa mirija mara ya pili hakupunguzi maumivu, nakwambia.

---

Mama_wa_Wawili

Nimerudi. Kotisoli ya asubuhi 1.8. Daktari alivyoona akakaa chini. Sijaruhusiwa kurudi nyumbani, nimeanzishiwa hidrokotizoni, ya kujazia kotisoli, hapo hapo, thairoidi wamesema baada ya siku kadhaa. Leo ni siku ya tatu, nimeoga mwenyewe nikasimama mpaka nimemaliza. Naandika haya nalia.

---

Dakta_Njegere

1.8!! Namshukuru Mungu uliuliza. Ukitoka hospitali kariri hili: ukipata homa unaongeza dozi mara mbili, ukitapika huwezi kumeza unaenda kuchomwa sindano ya dharura, na tembea na kadi inayosema unatumia hidrokotizoni. Hiyo dawa huiruki hata siku moja.

---

Sikubaliani

Dada Mungu akuponye. Mi kwenye hili nimenyamaza.

Mleta mada lakini hujamaliza. Majibu ya mbegu je?

---

Baba_Mtarajiwa (mleta mada)

Mara ya kwanza zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Wiki iliyopita ni milioni 19 kwa mililita, kiwango cha chini cha WHO cha 2021 ni milioni 16. Nimevuka kwa kunyata. Mimba bado, tunajaribu.

---

Sikubaliani

Na ndevu?

---

Mke_wa_Mleta_Mada

Kila baada ya siku tatu. Nahesabu mimi.